Maji Hayana Baba Mkwe

Jumatatu, 5 Mei

Leo nimeanza kozi ya kuchomelea mabomba. Chuo cha ufundi, hapa Tunduma, upande wa barabara ya Sumbawanga. Umri wangu hauhusiki. Nimekaa nyuma ya darasa ili vijana wasione jinsi ninavyoinuka.

Sababu ya kusoma: mradi wa maji kule kwetu Ileje unatafuta mafundi wa kuunga mabomba ya chuma, yale yanayovuka makorongo. Atakayefaulu jaribio la mwisho wa kozi anachukuliwa. Asiyefaulu anabaki kunywa maji kama watu wengine. Mimi nimewekewa na nyongeza. Felista, mke wangu, amesema huu ndio mpango wangu wa mwisho. Nikifeli nakwenda Kamsamba kwa kaka yake Yesaya, kufukuza ndege kwenye mpunga. Shemeji Yesaya ameshajenga dungu la kukalia. Jana alipiga simu kuuliza nina uzito gani.

Kamsamba. Jua lile. Mtu wa ukungu kama mimi nitayeyuka kama chumvi yangu ya Ivuna. (Mpango wa mwaka jana. Mvua ilinyesha. Yameisha.)

Nimekwenda chuoni kwa njia ndefu, nikikwepa mtaa wa Sogea. Mkamwana wangu, mke wa mwanangu Jofrey, amehamia huko kikazi kutoka Mbeya, na kwetu sisi Wandali baba mkwe na mkamwana hawatazamani. Hawakai chumba kimoja. Yeye hataji jina langu, mimi siingii njia yake. Uso wake siujui. Siku ya harusi nilitazama keki. Jofrey aliniambia tu kwamba mkewe ni mwalimu, nami nikaelewa watoto wadogo, nyimbo, kalamu za rangi.

Basi nikafika nimechoka, nikakaa. Mwalimu akaingia. Mwanamke. Ovaroli, buti, kitambaa kichwani. Akaanza kuita majina bila kuinua macho. Alipofika kwenye la kwangu akasimama kama gari lililozimika mlimani. Akavuta pumzi. Akageukia ubao, akaanza kuandika kanuni za usalama. Ubao ukajaa, akafuta, akaandika nyingine. Hakugeuka hadi kengele. Darasa zima limenakili kanuni mpaka vidole vimekufa ganzi, hata ile ya kutokufuga nyuki karibu na mitungi ya gesi, ambayo nadhani aliitunga palepale.

Nami nilishajifunika begi usoni. Ni yeye, mkamwana wangu. Mwalimu Tumpale.

Nilitokea dirishani, kwa heshima. Dirisha lilikuwa dogo kuliko lilivyoonekana.

Jumanne, 6 Mei

Kikao cha familia. Jofrey alikuwa kwenye simu, lori lake limekwama foleni upande wa Kongo. Akasema baba aache kozi. Nikasema mkewe aache kazi. Akaniuliza kama nimelala vizuri.

Felista alikuwa anachambua maharage. Akatusikiliza wote mpaka tukaishiwa, kisha akatoa hukumu bila kuinua kichwa. Kwamba mkamwana hafukuzwi kwenye ugali wake kwa sababu ya mzee aliyeamua kusoma. Kwamba Kamsamba ipo palepale, haijahama. Kwamba wachomeleaji wote huvaa ngao usoni. Je, aliyefunikwa uso ameonekana na nani? Ngao zikiwa chini, pale hakuna baba mkwe wala mkamwana, kuna mafundi. Ngao ikiwa juu, kila mtu ageukie ukuta wake.

Nikasikia honi za Kongo. Halafu Jofrey akasema mama ana akili sana, kwa sauti ya mtu anayeshangaa aliolewaje na mimi.

Nimetembea kidogo nyuma ya nyumba kuifikiria hukumu ile. Ni nzuri. Ina upande wa mbele na upande wa nyuma. Upande wa nyuma nimeupenda zaidi.

Jumatano, 7 Mei

Karakana. Nimepewa ngao yangu na meza ya mwisho, karibu na mlango wa stoo.

Nani aliwahi kuniambia habari za ndani ya ngao? Hakuna. Ukiishusha, dunia inaondoka. Tunduma yote, malori, vumbi, wabadilisha fedha, wote wanazimwa. Giza. Halafu rodi ya kuchomelea inagusa chuma, na katikati ya lile giza kinazaliwa kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka. Kidogo kama harage, kinang'aa, kinatetemeka kingo zake, kama Ziwa Rukwa ukilitazama kutoka juu milimani asubuhi kabla halijajua kama unalitazama. Nikakitazama. Nikaingia.

Nilikuwa ndani ya bomba, nimekuwa maji. Nikapita juu ya makorongo ya Ileje, baridi tupu, nikisikia ng'ombe kwa mbali chini yangu. Nikatokea kwenye bomba la mtaani. Mama mmoja akanikinga kwa ndoo akauliza maji haya matamu yameungwa na nani. Wenzake wakamjibu kwamba ni mzee Alinanuswe. Wakanyamaza wote. Wakaniweka kichwani.

Nilipozinduka nilikuwa nimetoboa bomba. Tundu la kuingia kidole. Nisiulizwe nimejuaje.

Wa meza ya jirani yangu ni Gasper. Mnamwanga, rika langu, anauza na kununua pande zote mbili za mpaka, shangazi zake wako Nakonde, upande wa Zambia. Naye anautaka ule mradi. Ananiita "bashikulu", neno la Kibemba la kumheshimu babu, ila akilitamka yeye heshima inabaki Nakonde. Alichungulia bomba langu akauliza kama ninatengeneza filimbi.

Mwalimu hasemi nami. Anasema na mtungi wa gesi uliosimama kati yetu. Leo ameuambia: mtungi, mwambie baba rodi aishike karibu, na asisinzie. Nami nikauambia mtungi kwamba sikusinzia, nilikuwa natafakari. Mtungi haukuchangia. Gasper alilazimika kutoka nje kucheka.

Ijumaa, 9 Mei

Mpango unakwenda kama maji ya mtelemko.

Upande wa nyuma wa hukumu ya Felista ni huu. Mwalimu akianza kupita meza hadi meza kukagua, nasubiri afike kwa Gasper. Hapo nainua ngao, nafuta jasho polepole, natazama dari. Yeye anageuka papo hapo, anakwenda zake. Kazi yangu haijaonwa na jicho la mwalimu siku mbili. Kila mtu amesahihishwa, amekemewa, ameambiwa arudie. Mimi sijakosea hata mara moja.

Gasper ana wivu. Amesema mshono wangu unafanana na kinyesi cha mbuzi aliyekuwa anakimbia. Nimemwambia hajui sanaa.

Faida nyingine. Ndani ya ngao unaweza kulala umesimama, na ukishika rodi vizuri watu wanasema mzee huyu ana utulivu. Mchana wa leo nimevuka mpaka wa nchi kadhaa ndani ya bomba. Nilirudi kwa sababu ya harufu. Ilikuwa glavu yangu.

Chakula cha mchana kimekuwa na shida ndogo. Mwalimu akiingia kantini, mimi natoka. Nikiingia mimi, yeye anatoka. Leo tumepishana hivyo mpaka wali ukaisha, tukashinda njaa wote wawili, kila mmoja upande wake wa jengo. Mama wa kantini ameuliza kama tumegombana. Nimemwambia hapana, tunaheshimiana sana.

Jumatatu, 12 Mei

Leo nimekamatwa.

Nilikuwa mbali, nafungua koki ya maji Itumba, makao makuu ya wilaya yetu, mbele ya viongozi, kwaya imeshavuta pumzi kuanza. Nikasikia kitu kinagonga meza. Ko. Nikafumbua macho. Mbele yangu, upande wa pili wa bomba, amesimama mtu mwenye ngao iliyoshushwa, ameshika nyundo ndogo ya kugongea ganda linalofunika mshono. Ngao yangu nayo ilikuwa chini. Kwa sheria ya Felista, tulikuwa mafundi wawili. Nikainua mkono kuipandisha ngao, ile nyundo ikagonga tena kwa namna ambayo mkono wangu ulishuka wenyewe.

Bomba la jaribio limefungwa kwenye stendi, halizunguki. Unaanzia chini kabisa, tumboni mwake, unapanda nalo hadi juu, kwanza upande huu, kisha ule. Mwalimu aliuambia mtungi kwamba wengi wanafeli kwa sababu wanasubiri bomba liwafuate. Bomba haliendi popote, wewe ndiye unayelizunguka.

Akanielekeza robo ya chini. Hakusema zaidi. Ko moja, simama. Ko mbili, endelea. Nimepiga magoti kwenye sakafu, shingo imepinda kama ya kuku anayeangalia mwewe, cheche zinaingia kwenye kola, na kidimbwi kiko juu yangu kinaning'inia kama kitaanguka. Hakikuanguka. Nikakisukuma kidogo, nikangoja, nikakisukuma. Safari hii sikuingia ndani yake. Nilikaa nacho tu. Sijui muda ulikwendaje.

Tulipogonga ganda, robo ile ilikuwa imelala magamba magamba, sawasawa, kama ubavu wa samaki. Nikaitazama. Nilitaka kuinua ngao nifurahi vizuri, nikakumbuka. Yeye naye alibaki amesimama na ngao yake kidogo. Halafu akagonga meza mara moja, taratibu, akaenda kwa Gasper.

Nimerudi nyumbani kwa njia ndefu nikiwa mwepesi. Felista ameuliza kwa nini ninatabasamu. Nimemwambia nimejua kuchomelea.

Nimekaa nikapiga hesabu ya maarifa. Ukishajua chini, umejua pagumu. Robo tatu zilizobaki ni marudio. Sioni sababu ya kumsumbua mwalimu tena. Kesho ngao inarudi juu.

Jumatano, 14 Mei

Siku ya aibu ndogo.

Asubuhi Gasper alinificha nyundo. Sina ushahidi, ila alikuwa anapiga mluzi. Nikaamua kumpa somo. Mashine ya kuchomelea ina waya wa asi, yaani wa kurudisha umeme, wenye klampu ya kubana. Bila klampu kushika chuma, rodi haiwaki. Alipokwenda kujisaidia nikaichomoa klampu yake pale mezani, nikaibana kwenye kitu cha kwanza nilichokiona, nikarudi kwenye tafakari zangu.

Gasper akagusa rodi. Kimya. Akagusa tena. Akabadilisha rodi. Akaongeza moto kwenye mashine. Akaanza kuongea Kibemba. Mwalimu akaja, akaufuata ule waya kwa mguu, polepole, ukampita Gasper, ukapita chini ya meza yangu, ukapanda. Klampu ilikuwa imebana kiti changu, pamoja na pindo la koti langu. Nilipojaribu kuondoka kwa heshima, kiti kilikuja.

Mwalimu akauambia mtungi umwambie baba kwamba jaribio ni keshokutwa, na mtu wa mradi wa maji atakuwepo, na yeye mwalimu hajaiona kazi ya baba tangu Jumatatu. Sauti yake ilishuka pale mwishoni. Aliendelea kuuambia mtungi kwamba Jofrey humpigia simu kila siku kumuuliza kama baba ataweza, naye hajui amjibu nini.

Mtungi ukanifikishia. Ulinigusa kidogo.

Lakini mpango ni mpango. Keshokutwa nitasimama na ngao juu tangu mwanzo hadi mwisho. Mwalimu hataweza kunisogelea. Asiposogelea hatakagua. Asipokagua, atafelishaje? Nimetafuta tundu kwenye hoja hii nimelikosa.

Ijumaa, 16 Mei

Nilivaa shati la kanisani. Ngao juu, imeinuka kichwani kama taji. Bomba langu nilikuwa nimelimaliza jana, robo ya chini ya Jumatatu pamoja na robo tatu za njozi. Kwa mbali lilikuwa bomba kamili.

Mtu wa mradi alikuja na buti za mpira na pampu ya mkono. Mwalimu Tumpale aliniona nilivyosimama, akageukia ukuta, kama nilivyopanga. Nikakaribia kucheka. Ndipo akauambia mtungi, kwa sauti ya karakana nzima, umfahamishe baba kwamba leo mwalimu hakagui. Leo yanakagua maji, na maji hayana baba mkwe.

Hoja yangu ilikuwa na tundu.

Utaratibu ni huu: bomba linazibwa pande zote, linajazwa maji, linapigwa pampu. Likitoa jasho, umefeli. La Gasper lilianza. Pampu ikapanda, tukasubiri, likabaki kavu kama uso wa mtu wa mpakani anayeulizwa bei ya kununulia. Amefaulu. Akanipiga bega akasema usiogope, bashikulu.

Likaja langu. Pampu ikapanda. Chini, pakavu. Mtu wa mradi akainama akapitisha kidole, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikaanza kumsikia yule mama wa Ileje na ndoo yake. Pampu ikapanda tena. Pembeni pakatoka tone. Halafu jingine. Halafu bomba likakohoa, na juu, pale nilipokuwa Kongo njozini wakati nachomelea, pakafunguka.

Maji yalipiga dari. Mvua ikanyesha ndani ya karakana, watu wakakimbilia mlangoni. Ufa ukaongezeka, mkondo ukalala, ukaelekea moja kwa moja ukutani alipokuwa amesimama mwalimu, mgongo kwetu, haoni kitu, na pembeni yake mashine inaunguruma bado imewashwa.

Sikufikiri. Ningefikiri ningeuambia mtungi. Nikapiga kelele: Tumpale mwanangu, toka hapo! Nikajitupa juu ya bomba, tumbo kwenye ufa.

Alitoka. Hakugeuka, aliruka pembeni vilevile akitazama ukuta, akazima mashine kwa kupapasa. Mimi niliyapokea maji yote, kifuani, mdomoni, na ngao iliyokuwa kichwani ilijaa kama bakuli. Nilipoinamisha kichwa ikajifunga yenyewe. Lita kadhaa usoni.

Pampu ilipoachiliwa mkondo ukakatika. Yakasikika matone tu. Kelele ile ndiyo maneno yangu ya kwanza kwake tangu aolewe, na nimemtaja kwa jina. Nilisimama ndani ya giza la ngao, nikisubiri aibu ifike. Nikasikia kitu kama kikohozi. Kupitia upenyo wa chini nikaona visigino vyake vinatikisika. Alikuwa anacheka, paji la uso kwenye ukuta, mpaka akashika mtungi asianguke. Halafu kwa sauti ndogo akauambia mtungi: mwambie baba ahsante.

Mtu wa mradi aliuliza robo ya chini ilichomelewa na nani. Nikasema mimi. Akasema ni kazi safi, na siku wakipata bomba lenye chini tupu atanitafuta.

Nimefeli.

Nilipokuwa nakamua shati mlangoni, mtungi uliletewa ujumbe mwingine. Kozi inarudiwa mwezi wa saba. Meza ya baba haitapewa mtu. Ila aje na ngao chini.

Felista alinipa taulo, kisha akampigia kaka yake.

Jumapili, 25 Mei. Kamsamba

Niko juu ya dungu. Mpunga pande zote, umeinama, rangi ya kuiva, na upepo ukipita unatembea juu yake kama mkono wa mtu anayempapasa ng'ombe. Joto linapanda kutoka chini. Kwa mbali mashamba yanacheza, yanayeyuka, yanageuka ziwa. Ningekuwa na bomba ningelifikisha hapa.

Shemeji Yesaya anasema kazi ni rahisi. Ukiona ndege, piga debe. Hakuna mtihani.

Nimepata muda wa kutafakari yaliyotokea, nimelijua kosa langu. Chini palikuwa pakavu. Hilo hata mtu wa mradi alilithibitisha. Kwa hiyo kuchomelea najua. Tatizo ni sehemu ya juu ya mabomba. Imetengenezwa vibaya. Nitamwandikia mtu wa mradi nimshauri walaze mabomba yao kinyumenyume.

Felista amepiga simu baada ya ibada. Tumpale amemtuma aniulize kama niandikwe kozi ya mwezi wa saba. Nimemwambia asante sana, amwambie mwanangu sitaihitaji, nina jambo kubwa zaidi. Maana nimegundua kile ambacho hakuna aliyekiona. Ileje nzima, kila nyumba yenye mkamwana, watu wanapishana milangoni, wanakula kwa zamu, wanazunguka milima kukwepana. Na dawa ni ngao. Moja ya baba mkwe, moja ya mkamwana, wanakaa sebule moja wanakunywa chai kwa amani. (Chai wataingizaje, hilo ni la kiufundi.) Nimeshamtumia Gasper ujumbe anitafutie shehena ya ngao Nakonde. Amejibu: sawa, bashikulu. Anaonekana ameanza kuniheshimu.

Ngao ya mfano ninayo hapa. Niliondoka nayo chuoni kwa bahati mbaya. Nimeivaa tangu saa tatu kujaribu kama inafaa kwa matumizi ya nyumbani. Inafaa. Jua lote limezimwa, pamekuwa baridi ya milimani, na nimeshafika mbali katika mipango.

Shemeji Yesaya amepaza sauti kutoka kule chini kwenye mfereji, akauliza kwa wasiwasi kama ndege wameshashuka, maana anasikia kelele nyingi. Nimegeuza kichwa taratibu pande zote nne, nikatazama kupitia kioo cheusi kwa makini sana. Nimemjibu atulie. Sioni hata mmoja.